Shajara ya mradi: maswali 92, mifupa ya mbuzi na mungu mamba

Januari

Maonyesho ya klabu yetu ya historia ni Julai, na safari hii tumekubaliana kuonyesha jinsi watu wa dola ya Rumi walivyouliza miungu yao. Meza tatu, na kila meza iwe na kitu ambacho mgeni atakishika kwa mkono wake mwenyewe.

Kidato cha tatu walitaka Delphi, hekalu la Apollo huko Ugiriki, kwa kuwa ndiyo wanayoijua: mwanamke juu ya kigoda cha miguu mitatu, mvuke, na mfalme anayetaka kujua kama aingie vitani. Nimewaomba tuiweke pembeni. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki aliyekuwa kuhani palepale Delphi mwishoni mwa karne ya 1 na mwanzoni mwa karne ya 2, ameandika kwamba zamani walikuwapo wanawake wawili wa kupokezana na wa tatu wa akiba, lakini katika siku zake mmoja alitosha. Na watu walimwendea na nini? Nioe? Nisafiri baharini? Nikopeshe fedha? Plutarch hakulalamika, aliona ni dalili kwamba nchi imetulia.

Maswali madogo ya aina hiyo ndiyo tunayoyatafuta, na yapo mengi zaidi kwingine: Misri, ambako mchanga mkavu umetunza karatasi za mafunjo, na milima ya kusini mwa Uturuki ya leo, ambako majibu yalichongwa kwenye mawe. Kwa hiyo: meza ya kwanza vikaratasi vya mahekalu ya Misri, meza ya pili mifupa ya kurusha, meza ya tatu kitabu cha bahati, ambacho tutakigeuza kuwa programu ya kompyuta.

Kulikuwa na pendekezo la meza ya nne, hekalu la Fortuna, mungu wa bahati, pale Praeneste, mashariki mwa Rumi, ambako mtoto wa kiume alichota kura za mti wa mwaloni zilizotunzwa ndani ya kasha. Hadithi zake ni tamu. Kaisari Tiberius aliagiza kasha lifungwe kwa muhuri na kupelekwa Rumi. Mwandishi wa Kirumi Suetonius anasema lilipofunguliwa lilikuwa tupu, na kura hazikuonekana tena mpaka liliporudishwa hekaluni. Ila maneno yaliyoandikwa kwenye kura zile hatunayo, na meza isiyo na maandishi ni sanduku tu. Tumeiacha.

Februari: kitabu

Tumeanza na meza ya tatu kwa sababu vijana wa kompyuta walikuwa na hamu nayo.

Kitabu kinajulikana kwa jina la Astrampsychos. Kinafunguliwa na barua kwa mfalme Ptolemy, inayodai kwamba mtungaji ni Pythagoras, mwanafalsafa wa Kigiriki, na kwamba Alexander Mkuu aliitiisha dunia kwa kukitumia. Hilo ni tangazo la biashara. Kitabu chenyewe ni cha Misri chini ya Warumi, kwa makadirio karne ya 2 au ya 3 BK.

Mashine yake ni hii. Kuna maswali 92, lakini yanahesabiwa kuanzia 12 hadi 103. Mteja anachagua swali lake, kisha anataja namba yoyote kati ya 1 na 10, ile ambayo mungu atamtia kinywani. Unajumlisha. Jumla unaitafuta kwenye jedwali lenye majina ya miungu, na jedwali linakupeleka kwenye fungu moja kati ya mafungu 103. Kila fungu lina majibu kumi. Unasoma jibu lenye namba uliyoitaja.

Chukua swali la 86 na namba 4. Jumla ni 90. Jedwali linakutupa kwenye fungu fulani, na humo unasoma jibu la nne. Sasa tazama majirani: katika fungu hilohilo jibu la tano ni la swali la 85, na jibu la tatu ni la swali la 87. Hakuna fungu hata moja lenye majibu mawili ya swali moja. Mteja mjanja akichungulia mstari wa juu au wa chini ili aone angepata nini, anakutana na shida za watu wengine.

Kijana wetu wa programu alikaa kimya kidogo, kisha akasema, “Mwalimu, hapa hakuna kitu. Ni kujumlisha na kutoa.” Ndivyo. Ujanja wote uko kwenye jedwali, kwa kuwa mafungu yamepangwa vurugu kwa makusudi. Bila vurugu hiyo mtu yeyote anayejua hesabu angeona kamba.

Kuna jambo jingine lililotufurahisha. Maswali 92 mara majibu kumi ni 920, lakini kitabu kina majibu 1,030. Yale 110 ya ziada hayana swali. Ukifuata hesabu unaelewa sababu: jumla ndogo kuliko zote ni 13, na inapatikana kwa njia moja tu, swali la 12 na namba 1. Majibu mengine tisa ya fungu hilo hayatasomwa na mtu kamwe. Yangeachwa wazi, mapengo yangemwonyesha msomaji jinsi kitabu kilivyojengwa. Kwa hiyo yakajazwa maneno. Tumeamua nasi tuyaweke kwenye programu, ingawa haitayaita kamwe.

Machi: orodha

Wakati wengine wakihangaika na jedwali, mimi nimekuwa na kipande cha mafunjo kutoka Oxyrhynchus, mji ulioko kusini mwa Cairo ya leo. Ni cha mwishoni mwa karne ya 3 au mwanzoni mwa karne ya 4, na kimebakiza maswali ya namba 72 hadi 92, yenye undugu wa wazi na kitabu chetu. Hakina jibu hata moja. Ni maswali matupu, na kwangu kimekuwa bora kuliko kitabu kizima.

Swali la 74: je, nitauzwa? La 78: je, nitapewa likizo? La 80: je, aliye safarini yu hai? La 82: je, mali yangu itapigwa mnada? La 85: je, nitakuwa ombaomba? La 86: je, nitatoroka? La 87: je, nitakuwa balozi? La 88: je, nitakuwa diwani? La 89: je, kutoroka kwangu kutazuiwa? La 90: je, nitaachana na mke wangu? La 91: je, nimelishwa sumu?

Darasani walicheka. Ombaomba, mtoro, balozi, diwani, wote kwenye mstari mmoja kama abiria wa daladala. Mwanafunzi mmoja akasema mwandishi aliyachanganya kama yale mafungu, ili kuwapoteza watu. Mimi sioni hivyo, na hapa ndipo nataka meza ya tatu isimame.

Kaisari Septimius Severus aliipa miji ya Misri mabaraza ya madiwani karibu na mwaka 200 BK. Kwa masikio yetu diwani ni cheo: mtu anagombea, anachapisha mabango, anashukuru wananchi. Oxyrhynchus ya karne ya 3 ilikuwa vingine. Diwani aliwajibika na ukusanyaji wa kodi ya eneo lake, na upungufu ukitokea ulifidiwa kwa mali yake. Kazi za umma aligawiwa mwenye uwezo apende asipende: kusimamia usafirishaji wa nafaka, kugharimia bafu la mji, kwenda kama balozi wa mji kwa gharama zake. Watu walikimbia vijiji na mashamba yao kukwepa mizigo hiyo, na serikali ilitoa amri baada ya amri ya kuwarudisha.

Soma tena sasa. Nitakuwa diwani? Mali yangu itapigwa mnada? Nitakuwa ombaomba? Nitatoroka? Nitazuiwa? Hiyo inaweza kuwa hadithi ya mtu mmoja, mwenye nyumba na mizeituni, aliyesikia kwamba jina lake limetajwa barazani. Sidai kwamba mwandishi wa orodha alimlenga mtu huyo. Swali la kutoroka linamfaa mtumwa vilevile. Ninachosema ni kwamba anayesoma majibu ya uaguzi akitafuta siri za miungu anakosa sehemu nono. Majibu yalitengenezwa kwa hesabu. Maswali yalitengenezwa na miaka ya kuwasikiliza wateja, na swali lisiloulizwa na mtu halikuwa na sababu ya kukaa kwenye orodha.

Bango la meza ya tatu litakuwa maswali hayo 21, bila jibu lolote, kwa herufi za kusomeka kutoka mlangoni.

Aprili: mifupa

Katika miji ya Pisidia, Lycia na Pamphylia, kusini mwa Uturuki ya leo, karne ya 2 BK, ungekuta nguzo ya mawe imesimama mahali pa wazi mjini, kama pale Kremna, imechongwa mashairi kuanzia juu hadi chini. Unarusha mifupa mitano, unasoma namba, unatafuta mstari wako kwenye nguzo. Kila mstari una namba tano, jumla yake, jina la mungu, na beti fupi: nenda, usiende, subiri, msafiri atarudi, mgonjwa atapona. Hakuna foleni ya hekalu wala kuhani wa kulipwa.

Mfupa wenyewe ni kile kifupa kidogo cha kwenye kifundo cha mguu wa nyuma wa mbuzi au kondoo. Nilikwenda buchani mapema kabla shoka halijaanza kazi.

“Shikamoo, Mwalimu. Makongoro leo?”

“Marahaba. Nataka miguu ya nyuma, lakini usinipigie shoka kwenye kifundo. Nataka kifupa cha ndani kizima.”

“Cha kuchezea?” Kumbe alikijua. Akasema bibi yake kule kwao alikuwa navyo kwenye kibuyu, vya watoto kurusha na kudaka.

Tulivichemsha hadi nyama ikaachia, tukavisugua kwa majivu na sabuni, tukavianika juu ya bati. Kikishakauka unakiona vizuri: kina pande mbili pana, moja imebonyea na nyingine imetuna, na pande mbili nyembamba. Ncha zake ni za mviringo, hakisimami. Kwa hiyo pande ni nne tu. Wazee wale walizipa nyembamba namba 1 na 6, na pana 3 na 4. Namba 2 na 5 hazipo kabisa.

Mwalimu wa hisabati aliwapa watoto kazi: mifupa mitano, pande nne, ukipuuza mpangilio, kuna matokeo mangapi? Walipata 56. Nguzo kamili zina maandishi 56. Jumla ndogo 5, kubwa 30.

Programu ya meza hii imezua mjadala. Kompyuta inaona pande nne ni sawa, kila moja robo. Mfupa hauoni hivyo. Unaporusha, pande pana zinalala juu kila mara, na nyembamba ni za kuotea. 6 tano kwa mpigo hakuna aliyeziona tangu tuanze. Mtu wa Kremna aliyezipata lazima alitazama huku na huku kuona kama kuna shahidi. Kwa hiyo tumeipa programu uzito usiolingana, halafu vijana wakaja na hoja nzuri zaidi: kwa nini tuwe na programu kabisa wakati mifupa tunayo? Programu ya meza ya pili imefutwa. Mgeni atarusha mwenyewe.

Mei: vikaratasi

Meza ya kwanza ilikuwa imelala, sasa imeamka.

Kaskazini mwa ziwa Qarun, katika eneo la Fayum, Misri, kuna magofu ya kijiji kilichoitwa Soknopaiou Nesos. Leo panaitwa Dime. Mungu wa pale, Soknopaios, alikuwa mungu mamba. Utaratibu ulikuwa kupeleka vikaratasi viwili: kimoja kinasema ndiyo, kingine kinasema hapana, na mungu anakurudishia kimoja.

Kimoja cha mwaka 6 BK, mwaka wa 35 wa Kaisari Augustus, kimeandikwa na Asclepiades mwana wa Areios. Anamwomba mungu mkubwa mwenye nguvu Soknopaios amwonyeshe kama amejaliwa kumwoa Tapetheus binti Marres, na kwamba hatakuwa mke wa mtu mwingine. Kisha anaongeza: zamani Tapetheus alikuwa mke wa Horion. Wanafunzi wamebishana sana juu ya maneno hayo ya mwisho. Wasichana wanasema wivu. Mimi naona urasimu. Mtu aliyezoea ofisi za serikali anajua kwamba ukiandika jina tu utaambiwa wapo wengi. Unaweka jina la baba, unaweka mume wa kwanza, unaweka tarehe, ndipo faili linapatikana. Asclepiades hakutaka mungu amletee Tapetheus mwingine.

Kikaratasi kingine, cha Oxyrhynchus, karne ya 2, ni cha mwanamke aitwaye Nike. Anamuuliza mungu Sarapis kama ni faida kwake kumnunua kutoka kwa Tasarapion mtumwa wake, Sarapion, aitwaye pia Gaion. Basi. Mstari mmoja, biashara moja. Na mtumwa huyo jina lake limetokana na la mungu anayeulizwa kama anunuliwe. Tumekiweka kando ya swali la 74 la bango, je, nitauzwa, bila kuandika maelezo yoyote.

Mezani patakuwa na mtungi wenye jozi za vikaratasi, vimekunjwa na kufungwa uzi.

Mei, mwisho: mzazi

Mzee mmoja, baba wa mwanafunzi wetu, alifika shuleni kwa upole kabisa. “Mwalimu, nimesikia mnawafundisha watoto kupiga ramli.” Nilimwonyesha meza zote. Aliirusha mifupa mara moja, akaiweka chini, akasema hii ni historia, hana neno, lakini mtoto asirudi nyumbani akidhani ameambiwa mustakabali wake.

Hoja yake ni ya haki na imeuboresha mradi. Mgeni hatauliza shida zake. Atapewa kadi ya mtu wa wakati ule: askari aliyeko ngomeni, mtumwa, mwenye shamba anayeogopa baraza, mke wa nahodha, mkopeshaji. Atauliza kwa niaba ya mtu huyo.

Juni: majaribio

Tumejaribu meza ya tatu na darasa zima. Programu inafanya kazi kwenye kompyuta zote, hata zile kongwe za maktaba.

Wengi walipoambiwa wataje namba walitaja 7. Hapo ndipo unaona udhaifu wa kitabu: wote waliouliza swali moja na kutaja 7 walipata jibu lilelile, neno kwa neno. Kwa mteja mmoja mmoja gizani haionekani. Kwa darasa la watu arobaini wanaosomeana majibu kwa sauti inaonekana mara moja. Tumeamua kuacha hivyohivyo; mgeni akigundua, amegundua.

Jibu lenyewe mara chache ni ndiyo au hapana kavu. Kuna ndiyo lakini baadaye, kuna ndiyo kwa tabu, kuna usiwe na haraka. Vijana walioyategemea kama matokeo ya mtihani walisikitika.

Binti aliyekuwa na kadi ya mtumwa aliuliza swali la kutoroka. Akapata jibu, akanyamaza, kisha akauliza: “Mwalimu, na bwana wake naye angeweza kuja kuuliza?” Angeweza. Kitabu kina swali la mwenye mtumwa pia: je, nitampata mtoro? Mwaguzi yuleyule, jedwali lilelile, asubuhi mtumwa, jioni bwana. Tumeziweka kadi hizo mbili pamoja, zitolewe kwa wageni wawili wanaofuatana.

Juni, mwisho: katazo

Kitu cha mwisho kutengenezwa ni kibao. Karibu na mwaka 199 BK liwali wa Misri, Quintus Aemilius Saturninus, aliwaandikia wakuu wa wilaya. Amekutana na watu wengi waliodanganywa na uaguzi, kwa hiyo mtu yeyote asijidai kujua mambo yaliyo juu ya binadamu, iwe kwa maandishi yanayodaiwa kutolewa mbele ya mungu, iwe kwa kubeba sanamu katika maandamano. Atakayekaidi atapelekwa kwenye adhabu ya kifo. Na nakala ibandikwe katika kila mji na kila kijiji, juu ya ubao mweupe, kwa maandishi ya wazi yanayosomeka.

Maandishi mbele ya mungu: ndiyo meza yetu ya kwanza hiyo. Vijana wengine walitaka ubao uwe mlangoni, mgeni ausome kwanza. Nimependelea uwe katikati ya meza ya kwanza na ya tatu, kwa kuwa katazo halikuwa mwisho wa kitu. Orodha ya Oxyrhynchus imeandikwa miongo mingi baada yake. Na karne ya 6, Misri ikiwa ya Kikristo, mtu mmoja wa Oxyrhynchus alipeleka vikaratasi viwili, safari hii kwa Mungu Mwenyezi na Mtakatifu Philoxenus, akitaka kujua kama ashike biashara ya benki. Kimoja kinasema kama ni mapenzi yako; kingine kinasema kama si mapenzi yako. Jozi yote imesalia hadi leo, ndiyo na hapana, mwandiko mmoja.

Kazi zilizobaki: kuchapisha kadi za wahusika kwenye karatasi ngumu, kutafuta mtungi wa pili, na kunakili jozi ya Philoxenus kwa ajili ya meza ya kwanza. Vijana wa programu wanaomba jedwali la majina ya miungu liandikwe kwenye kitambaa kikubwa ili wageni wafuate jumla zao kwa kidole. Kitambaa kimepatikana. Fundi wa mabango anataka kulipwa kwanza.